AFCON 2027 Arusha: vuvuzela, ngoma au matarumbeta? Tupange shangwe la jukwaani mapema

Chalii_Sakina

Wakuu, salamu kutoka Sakina. AFCON 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda, na Arusha tuna uwanja mpya pale Olmoti, wa watu 30,000. Vikundi vya hamasa vimeshaanza kuchangishana. Wa Kijenge wanataka vuvuzela 200, wa Ngaramtoni wanataka ngoma na morani wa kuruka, na jamaa wa Moshi wanasema bila matarumbeta hakuna shughuli. Ninavyoona mimi, tukiviweka vyote jukwaa moja tutapata makelele tu, siyo shangwe.

Wenye kujua mambo ya sauti, ya mageti na ya mashindano makubwa, naomba mnieleze: kipi kinafanya kazi, kipi kinakamatwa getini, na mila zetu zipi zinaweza kuingia uwanjani zikaongeza ladha? Majibu yenye vipimo tafadhali. "Tujitokeze kwa wingi" tumeshaisikia.

Spika_Njiro

Chalii, anza na umbali kabla hujafikiria chombo. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20 hivi. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105, ukiongeza nafasi ya nyuma ya magoli na ngazi za viti, kutoka katikati ya jukwaa la upande mmoja hadi la upande wa pili ni kama mita 150. Hapo sauti imechelewa zaidi ya sekunde 0.4. Sasa piga wimbo wa midundo 120 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa nyimbo nyingi za hamasa: kila mdundo unachukua nusu sekunde. Maana yake wa ng'ambo wanaisikia ngoma yako ikiwa imeshakaribia mdundo unaofuata, na wakiitikia, kwako inarudi imechelewa mara mbili. Kila upande unawalaumu wenzao kwamba hawajui kuimba, kumbe ni fizikia.

Dawa zipo tatu na zote ni za bure. Ya kwanza, ngoma kiongozi ikae sehemu moja tu ya uwanja. Majukwaa mengine wasipige ngoma zao kwa wimbo uleule, wapige makofi kwa kumtazama kiongozi mikono, kwa sababu macho hayachelewi. Ya pili, shusha mwendo hadi midundo 80 au 90. Ya tatu, ambayo ndiyo bora kwa watu wetu, tumia nyimbo za kuitikia: upande mmoja unaanzisha, unanyamaza kabisa, wa pili unajibu. Pengo likiwepo, kuchelewa hakusikiki. Makofi ya mashabiki wa Iceland yaliyovuma kule Ufaransa mwaka 2016 yalifanikiwa kwa hilo hilo: ngoma inalia, kimya cha sekunde kadhaa, kofi moja la mikono juu, kimya tena, halafu mwendo unaongezeka polepole. Wakorea Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2002 walikuwa na jina la nchi yao na makofi matano, basi. Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kwa dakika moja.

Idadi ya ngoma: kwa kundi la watu 300 hadi 400, dramu kubwa moja na za kati mbili zinatosha. Wapiga ngoma wasiposikia wimbo wa watu wao, basi ngoma zimezidi, punguza. Waweke theluthi ya chini ya jukwaa, wakitazama watu na si mpira, na kila mpigaji awe na mtu wa kumgusa bega mpira ukifika kwenye hatari. Kundi linaloendelea na mdundo wa furaha wakati mchezaji wetu amelala chini anaita machela linakera uwanja mzima.

Halafu ngozi. Michuano imepangwa Juni na Julai, na Arusha ya miezi hiyo mnaijua, wingu kutwa, jioni watu wamevaa makoti. Ngozi ya mbuzi inanyonya unyevu, inalegea, sauti inakuwa ya ndoo iliyojaa maji. Nyumbani unaikausha kwa moto, uwanjani moto hauwashwi. Chukueni ngoma za ngozi ya plastiki zenye skrubu za kukazia, ama zile za kamba mkaze saa moja kabla na tena mapumziko. Hizi za ngozi ya asili zibaki kwa shughuli ya nje ya geti.

Kijenge_Juu_FC

Nakupinga hapo mkuu. Vuvuzela ndiyo sauti ya Afrika uwanjani. Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini dunia nzima ilijua michuano iko kwetu kwa vuvuzela, hata Blatter, rais wa FIFA wakati huo, alikataa kuzipiga marufuku. Ngoma kila mtu anazo.

Spika_Njiro

Alikataa, ni kweli, na nilikuwa upande wake, kwa sababu mwenyeji ana haki ya kusikika kama mwenyeji. Ila tazama ilifanya nini. Vuvuzela ya kawaida ina urefu wa sentimita 65 hivi na inatoa noti moja tu, ya takribani mizunguko 233 kwa sekunde. Hakuna ya pili. Kila inayopulizwa inatofautiana kidogo na jirani yake, zikiwa elfu kadhaa unapata mngurumo wa nyuki usiopanda wala kushuka. Goli limefungwa, mngurumo. Mpira wa kurusha, mngurumo. Shabiki aliyeko nyumbani hawezi kujua kwa kusikiliza kama kuna hatari. Ndiyo maana mafundi wa televisheni waliweka vichujio vya kukata noti ile na zile zinazopanda juu yake, 466, 932 na kuendelea, angalau sauti ya mtangazaji ipenye.

Tena kumbuka kilichozimwa. Afrika Kusini ina uimbaji wa umati ambao ni nchi chache zinaufikia, na 2010 haukusikika, ulifunikwa. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakazifungia Septemba mwaka huohuo, na Brazil 2014 FIFA hawakuziruhusu viwanjani. Mkinunua 200 mtaishia kuziuza kwa watoto sokoni Kilombero.

Wabrazil nao walitengeneza chao, caxirola, kinjuga cha plastiki cha kutikisa, eti chenye sauti laini. Aprili 2013 pale Salvador mashabiki waliochukia matokeo wakazirusha zote uwanjani. Ikaisha hapo. Kabla ya kuchagua chombo jiulize kikirushwa kitafika wapi na kitamuumiza nani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza, sauti inafuata.

Geti_Namba_4

Nijibu la mageti maana hapo ndipo watu wa kwetu wataumia.

Fimbo, rungu na sime haviingii. Najua kwa mzee wa Kimasai fimbo ni sehemu ya mavazi, lakini mkaguzi wa geti haangalii mila, anaangalia kitu kigumu kinachoweza kumpiga mtu. Tatizo linaanza pale mzee ametoka Monduli au Longido, kafika getini saa ya msongamano, anaambiwa atupe fimbo yake kwenye pipa. Hatatupa, na foleni nyuma yake inasimama. Kikundi kiweke gari moja au nyumba jirani ya kuhifadhi vitu kwa namba, mbali na geti, na watu waambiwe siku mbili kabla. Pembe ya tandala nayo ni ngumu na ina ncha, ombeni kibali cha moja kwa ajili ya mpulizaji mmoja anayejulikana, msitegemee huruma ya mlangoni.

Shuka zinaingia bila shida. Hapa ndipo naona Arusha ina karata ambayo wengine hawana: shuka inakuzuia baridi, na watu 500 wakinyanyua shuka za bluu kwa pamoja mnapata picha ya jukwaa bila kadi za karatasi ambazo baadaye zinageuka takataka. Bendera na mabango makubwa ni suala jingine. Kombe la Dunia 2018, chochote kilichozidi mita 2 kwa 1.5 kilihitaji kibali kabla. Tumieni kipimo hicho kama mwongozo, mkiona la CAF, shirikisho la soka la Afrika, limetoka tofauti mfuate lao. Miti ya bendera iwe ya plastiki, myepesi, yenye uwazi ndani.

Ngoma: andikeni barua mapema kupitia TFF (shirikisho letu la soka) na kamati ya maandalizi, mtaje idadi, kipenyo, picha, na majina ya wapigaji. Ngoma iwe wazi upande mmoja ili mkaguzi aone ndani. Ngoma iliyofungwa pande zote ni kisanduku, na kisanduku kinazuiwa. Kipaza sauti cha mkononi kiombewe kibali chake peke yake. Filimbi msibebe hata moja: beki akisikia filimbi anasimama akidhani mwamuzi kapuliza, goli linaingia, na lawama zinawageukia ninyi.

Fataki na moshi sahau. Januari 2025 Simba walicheza na CS Constantine bila mashabiki kwa sababu ya vurugu za mechi ya nyumbani iliyotangulia, na taa za leza ziliwaponza Senegal: baada ya mechi yao na Misri kule Dakar Machi 2022, ile ambayo uso wa Mohamed Salah wa Misri ulikuwa kijani mtupu wakati wa penalti, FIFA iliwatoza faranga za Uswisi 175,000 kwa makosa ya siku ile na kuwafungia mashabiki mechi moja. Leza ya dukani inauzwa bei ya soda, faini yake ndiyo hiyo.

Na la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote. Tarehe 24 Januari 2022, kwenye AFCON, pale uwanja wa Olembe, Yaoundé, watu 8 walikufa getini kabla ya Kamerun kucheza na Komoro. Geti lilikuwa limefungwa na umati unaongezeka. Sasa fikiria kundi la ngoma limesimama mbele ya geti linacheza, watu wanasogea kuona, wa nyuma wanasukuma kwa sababu wanasikia shangwe na hawaoni foleni. Ngoma ni sumaku. Msipige kabisa karibu na njia ya kuingilia. Pigeni pembeni, mahali penye uwazi, mnyamaze mkianza kuelekea getini. Kenya walikuwa na uwanja wa Kasarani kwenye CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) Agosti 2025, watu wasio na tiketi wakavamia, CAF ikawapunguzia idadi ya mashabiki huku timu yao inafanya vizuri. Hasara mara mbili.

Bi_Tarumbeta_Moshi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi niongelee matarumbeta maana Kilimanjaro vikundi hivi vimetoka makanisani na kwenye harusi, wapulizaji wapo wengi, lakini uwanja siyo harusi.

Baridi kwanza. Joto la hewa likishuka kwa nyuzi 10, noti ya tarumbeta inashuka karibu theluthi ya nusu toni, na vyombo havishuki sawa: tarumbeta dogo linapata joto la pumzi haraka, tuba linachukua muda mrefu. Matokeo yake besi iko chini, tarumbeta juu, na umati hauelewi ushike wapi. Dakika 10 kabla pulizeni hewa ya joto ndani bila kutoa sauti, vipulizio viwekwe mfukoni, na bomba la kurekebishia lisukumwe ndani kidogo. Pimeni kwa kufuata tuba, siyo tarumbeta.

Pili, ufunguo. Walimu wa kwaya wanapenda kuanzia juu ili wimbo ung'ae. Umati wa wanaume waliokwisha kupiga kelele nusu saa hauwezi. Doh iwe Eb, mwisho F, wimbo usivuke doh mpaka lah. Mistari mifupi, silabi 6 hadi 8 kwa mwanzishaji, 3 au 4 kwa kiitikio. Kiitikio cha maneno tisa hakuna atakayekishika akiwa anatazama mpira. Na kiwe Kiswahili, jukwaa lina Mchaga, Mmeru, Mwarusha na mgeni wa Singida.

Tatu, midomo. Hakuna mpulizaji wa dakika 90. Gaweni zamu mbili, pulizeni sekunde 30 au 40 kwenye kona, mpira wa adhabu, mabadiliko ya wachezaji, kisha waachieni watu waimbe wenyewe. Tarumbeta lianzishe wimbo na kuinyoosha noti, halafu liondoke. Likibaki muda wote linakuwa vuvuzela ya gharama.

Mtu wa kuzungumza naye mapema ni DJ wa uwanja. Kwetu ana kawaida ya kufungua spika kila mpira ukitoka, na baada ya goli ndiyo kabisa. Hakuna tarumbeta linaloshindana na spika zile. Mwombeni sekunde 60 za kimya baada ya goli la Taifa Stars, na dakika 5 za mapumziko. Asipowapa hizo, msijisumbue kubeba vyombo.

Mzee_wa_Ushirika

Bi Tarumbeta, marahaba. Umesema vema.

Mimi naongeza la wageni, kwa sababu mnapanga kana kwamba uwanja ni wetu peke yetu. Katika michuano ya kimataifa shangwe ni mazungumzo ya pande mbili. Wamorocco, kwa mfano, wanapiga mluzi wa vidole mfululizo timu pinzani ikishika mpira, wakipata wao wanageuza kuwa nyimbo. Kombe la Dunia la Qatar 2022 walifika nusu fainali kwa mtindo huo. Huo si utovu wa adabu, ndivyo wanavyoshabikia. Jibu lake si kupiga mluzi zaidi, ni kuwa na wimbo mzito wa sauti ya chini ambao mluzi hauwezi kuufunika, maana mluzi uko juu kabisa. Ule mngurumo wa koo wa waimbaji wa Kimasai, mmoja anaongoza na wengine wanaunguruma chini yake, ungefaa hapa kuliko kuruka. Watu 40 wanaoujua wakikaa pamoja, jirani zao wanaufuata bila kufundishwa.

Wasenegal wana kikundi cha mashabiki kiitwacho 12ème Gaïndé, wenye ngoma zao na watu waliojipaka rangi. Wakija, ngoma zao zitawazidi ninyi kwa mazoezi. Wasikilizeni, msishindane nao mdundo kwa mdundo, ingieni wakipumzika.

Halafu kuna yule shabiki wa Kongo, Michel Kuka Mboladinga, aliyesimama kama sanamu ya Patrice Lumumba mechi nzima kule Morocco kwenye AFCON 2025, mkono juu, hatikisiki. Hakutoa hata sauti, na alikumbukwa kuliko vikundi vyenye ngoma. Mchezaji mmoja wa Algeria alimuigiza kwa kejeli baada ya kuwafunga, akaja kuomba radhi. Ndiyo maana vijana wetu waelezwe kabla: ukiona mgeni anafanya jambo usilolielewa, muulize kwanza, usiige kwa mzaha. Na wimbo wa taifa wa mgeni mnanyamaza kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, ngoma zikiwa zimewekwa chini.

La nyumbani: jezi za Simba na Yanga zibaki nyumbani siku ya Stars. Jukwaa likigawanyika nyekundu na kijani, mchezaji wa upande mwingine akikosea utasikia mazomeo, na hakuna ngoma ya kuyafunika.

Mama_Wawili

Naomba kuuliza, nikija na mtoto wa miaka minne, masikio yake itakuwaje? Na hao morani wataruka wapi sasa, maana watoto ndicho wanachotaka kuona.

Spika_Njiro

Dada, hesabu inayotumika kazini ni hii: desibeli 85 ni salama kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Vuvuzela moja ikipulizwa mita 2 kutoka kwako ni kama 113, yaani salama kwa chini ya dakika moja. Sikio la mtoto mhurumie zaidi ya hapo. Vile vijiti vya sponji havimkai vizuri mtoto mdogo na anaweza kuvimeza. Mnunulie vifunika masikio vya kichwani, vya kazini au vya watoto, ufunike sikio lote bila kofia wala nywele kupita katikati, kwa sababu uwazi mdogo tu unaharibu kazi. Kaeni mbali na ngoma, safu ya juu upande wa mistari ya pembeni, siyo nyuma ya goli.

Kuruka iwe nje, kwenye ardhi. Viti vya plastiki havivumilii, na njia za ngazi zinatakiwa ziwe wazi. Lakini wasiwasi wangu mkubwa ni majukwaa ya muda ya vyuma kwenye viwanja vya kutazamia mechi kwa skrini. Watu wakiruka au kukanyaga pamoja kwa mdundo mmoja, chuma kinayumba na kuyumba kunakua. Bastia, Ufaransa, Mei 1992, jukwaa la muda lilianguka kabla ya mechi, wakafa watu na zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Kama jukwaa limefungwa kwa mabomba na mbao, ngoma iwe ya makofi tu, na mkiona linacheza upande upande, kiongozi anyamazishe palepale.

Chalii_Sakina

Nimewaelewa. Kijenge nitawaambia wageuze hela ya vuvuzela iwe ya shuka. Mazoezi tukafanyie wapi, Amri Abeid?

Geti_Namba_4

Amri Abeid panafaa, ombeni siku ya mechi ya ligi ili kuwe na watu wengine wenye kelele zao. Ila pale kuna njia ya riadha kati ya jukwaa na mpira na sehemu kubwa haina paa, sauti inapotea angani, kwa hiyo msiongeze ngoma mkidhani hazitoshi. Wekeni watu wawili wenye simu upande wa pili warekodi video ya mkono wa kiongozi pamoja na sauti, mkiangalia baadaye mtaona kuchelewa kulikosemwa na Spika. Wa Moshi waje na costa ya saa mbili asubuhi, kilomita 80 si nyingi lakini Usa River siku ya mechi ina foleni yake, na vyombo vipakiwe gari tofauti na watu. Barua ya kibali mbebe nakala tatu, moja kwa kiongozi, moja kwenye gari la ngoma, moja kwa atakayetangulia getini.